Kutoka kikombe hadi kilo: namna ya kugeuza vipimo vya jikoni bila kubahatisha

Uliza wapika maandazi watatu pale Mwanjelwa, Mbeya, kilo moja ya unga wa ngano inatoa vikombe vingapi. Mmoja atasema sita, wa pili saba kasoro, wa tatu karibu nane. Wote watatu wanasema kweli, hata kama vikombe vyao vimenunuliwa dukani siku moja na vinaingia mililita 250 kila kimoja. Wa kwanza anachota kwa nguvu na kugonga kikombe mezani, unga ukishuka anaongeza, kwa hiyo kila kikombe kinabeba gramu 170 hivi. Wa pili anakizamisha kikombe mfukoni na kufuta juu, anapata gramu 150. Wa tatu anamwagia unga kwa kijiko taratibu kisha anasawazisha kwa mgongo wa kisu, anaishia gramu 130. Tofauti kati ya wa kwanza na wa tatu ni gramu 40 kwa kikombe. Kwenye vikombe vitano ni gramu 200, na hapo ndipo maandazi yanapotoka magumu ukabaki kuilaumu hamira.

Kinachobadilika ni hewa iliyomo katikati ya chembe. Uzito hauijali hewa, ujazo unaihesabu. Maji, maziwa na mafuta hayana hewa ya kupunguza wala kuongeza, ndiyo maana vimiminika havisumbui. Nafaka nzima kama mchele na maharage husumbua kidogo. Unga ndio unaosumbua kweli, tena kadiri ulivyo laini ndivyo unavyodanganya zaidi.

Kwa hiyo jedwali la vipimo ulilolikuta kwenye simu haliwezi kukutosha mpaka ujue mambo mawili: kikombe chako kinaingia kiasi gani hasa, na mkono wako unachota vipi. Ukishayajua hayo, kugeuza ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya tu.

Vitu vya kuandaa

Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 20 na lingine la mililita 5 au 10; yanapatikana duka la dawa kwa bei ndogo, na ni kipimo sahihi kuliko vijiko vingi vya plastiki vinavyouzwa kama vipimo. Kikombe kimoja ambacho hakitabadilishwa. Kisu chenye mgongo ulionyooka. Daftari.

Asiye na mizani asiache kusoma, njia yake iko huko chini.

Hatua ya kwanza: ihakiki mizani kabla ya kuiamini

Iweke mahali tambarare na pagumu. Juu ya kitambaa cha meza au meza inayoyumba itakupa namba tofauti kila ukigusa. Weka bakuli jepesi, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha vuta maji kwa bomba la mililita 20 mara tano ukimwaga ndani ya bakuli. Hizo ni mililita 100, na mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo mizani isome 100. Ikisoma kati ya 98 na 102 inatosha kwa mapishi. Ikisoma 93 au 108, badilisha betri kwanza. Betri inayokaribia kuisha ndiyo mchawi wa kawaida. Kama bado, hiyo mizani haifai.

Hakiki pia kwa uzito mkubwa. Chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa husoma gramu 510 hadi 525 pamoja na chupa na kizibo chake. Mizani inaweza kuwa sahihi kwa gramu 100 na ikapotoka kwa kilo.

Kosa moja la kuangalia: bakuli pana likigusa meza au ukuta, sehemu ya uzito inabebwa na meza. Ukiona unga unaongezeka na namba haisogei, chungulia chini ya bakuli.

Hatua ya pili: kijue kikombe chako

Weka kikombe kikavu juu ya mizani, rudisha sifuri, jaza maji hadi kwenye ukingo kabisa, kwa sababu ukingo ndio utakaousawazishia kwa kisu. Gramu utakazosoma ndizo mililita za kikombe. Usishangae ukikuta kikombe cha bati cha chai kinaingia 300 au zaidi, na kikombe cha udongo cha wageni kinaishia 180. "Kikombe kimoja" kilichoandikwa kwenye mapishi karibu kila mara ni kati ya 237 na 250, na kikombe cha kunywea chai ya asubuhi hakikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Ukitaka kikombe cha mililita 250 kamili, kitengeneze. Tafuta kopo la plastiki lenye kuta zilizonyooka, kama la majarini. Mimina gramu 250 za maji, piga mstari kwa kalamu ya wino mzito kwa nje usawa wa maji, mwaga, kausha, kata kwenye mstari. Jaza tena hadi ukingo na upime. Likizidi 255, kwangua ukingo kidogo. Likipungua 245, umekata chini mno, anza na lingine. Kikombe cha namna hii ni bora kuliko chenye mstari ndani, maana unga husawazishwa kwenye ukingo. Kwenye mstari wa ndani unakadiria kwa jicho tu.

Vijiko vifuate njia hiyohiyo kwa bomba dogo. Kijiko cha chai cha mapishi ni mililita 5, cha chakula ni 15. Vijiko vya kwenye droo vinaweza kuanzia 3 hadi 6 kwa vidogo, na 10 hadi 18 kwa vikubwa. Dondosha maji mpaka yasawazike na ukingo, usisubiri yatune juu kama kilima, kwa sababu ule mtuno wa maji kwenye kijiko kidogo unaweza kukuongezea mililita nzima. Ukipata kijiko kinachoingia 5 kamili, kifunge uzi mwekundu kwenye mpini na usiruhusu kitoke jikoni.

Hatua ya tatu: tafuta namba ya kila kiungo

Namba tunayoitafuta ni gramu ngapi ziko katika mililita moja. Shuleni inaitwa msongamano. Utaratibu ni huu: weka kikombe kitupu, rudisha sifuri, jaza kiungo kwa namna utakayoichagua kuwa desturi yako, sawazisha, soma gramu. Mwaga, jaza tena, soma. Fanya mara tatu. Zikikaribiana (unga usipishane zaidi ya gramu 6 au 7 kwa kikombe), chukua wastani na ugawanye kwa mililita za kikombe.

Mfano: kikombe cha 250, sukari imesoma 211, 214, 212. Wastani ni 212. Gawanya kwa 250, unapata 0.85. Hiyo ndiyo namba ya sukari yako.

Zikipishana sana, mkono wako bado haujatulia. Kwa unga chagua njia moja, na ushauri wetu ni ile ya kijiko: koroga unga mfukoni uamke, mwagia kwenye kikombe kwa kijiko mpaka ufurike, kata juu kwa mgongo wa kisu bila kutikisa wala kugonga. Ni ya polepole, lakini ndiyo inayorudia matokeo yaleyale.

Hizi hapa ni namba za kuanzia, uzilinganishe na zako. Ya kwanza ni gramu kwa mililita moja, ya pili ni gramu za kikombe cha 250.

Maji: 1.00, gramu 250
Maziwa: 1.03, gramu 258
Mafuta ya alizeti: 0.92, gramu 230
Asali: 1.42, gramu 355
Siagi au majarini: 0.95, gramu 238
Sukari nyeupe: 0.85, gramu 212
Chumvi laini: 1.20, gramu 300
Unga wa ngano, wa kijiko: 0.52, gramu 130
Unga wa ngano, wa kuzamisha kikombe: 0.60, gramu 150
Unga wa mahindi: 0.54 hadi 0.62, gramu 135 hadi 155
Mchele: 0.82, gramu 205
Maharage makavu: 0.78, gramu 195
Mahindi makavu ya punje: 0.73, gramu 183
Karanga zilizomenywa: 0.62, gramu 155
Unga wa kakao: 0.37, gramu 92
Ndizi mbivu iliyopondwa: 0.95, gramu 238
Parachichi lililopondwa: 0.97, gramu 242

Unga wa mahindi tumeuachia nafasi pana kwa makusudi. Sembe ya kiwandani na dona la mashine ya mtaani havijipangi sawa, na dona lililotoka mashineni sasa hivi, bado la moto, limejaa hewa. Aliyewahi kupeleka debe moja la mahindi kusagisha anajua unga haurudi kwenye debe lilelile. Kilo 15 za mahindi zinajaza lita 20 hivi. Kilo hizohizo zikiwa dona zinataka karibu lita 26. Hakuna kilichoongezeka, ni hewa tu. Uache siku mbili kwenye ndoo utajionea ulivyoshuka.

Mchele nao una jambo lake. Wenye chenga nyingi hujipanga vizuri, chenga zikaziba nafasi kati ya punje nzima, hivyo kikombe kinabeba gramu kadhaa zaidi kuliko mchele mzima wa Kyela uliochambuliwa. Si tofauti ya kuharibu wali, ila inaonekana ukipima kwa ndoo.

Hatua ya nne: geuza

Kutoka ujazo kwenda uzito, zidisha: mililita mara namba ya kiungo. Kutoka uzito kwenda ujazo, gawanya: gramu kwa namba ya kiungo. Ukichanganya, jikumbushe kwa mafuta. Mafuta huelea juu ya maji kwa sababu ni mepesi, hivyo gramu za mafuta lazima ziwe chache kuliko mililita zake. Jibu likikuambia mililita 200 za mafuta ni gramu 217, umegawanya pale ulipopaswa kuzidisha.

Mapishi yanasema gramu 400 za unga wa ngano na una kikombe tu: 400 gawanya kwa 0.52 ni mililita 769. Gawanya kwa 250, ni vikombe 3 na mililita 19, yaani vikombe vitatu na kijiko kimoja cha chakula na ushee. Gramu 150 za sukari: gawanya kwa 0.85 ni mililita 176, sawa na robo tatu ya kikombe kasoro kijiko kimoja cha chakula. Kilo moja ya mchele: 1,000 gawanya kwa 0.82 ni mililita 1,220, vikombe vitano kasoro kidogo. Hii ya mchele inafaa kukaa kichwani, kwa sababu ukishajua kilo ni vikombe vitano, hesabu ya maji ya wali inakuja yenyewe: mara moja na nusu ya mchele kwa wali wa kupaliliwa, karibu na mara mbili kwa sufuria isiyofunika vizuri.

Hapa liondolewe fumbo moja. Watu husema, "Mimi natumia kikombe chochote na keki yangu inatoka." Ni kweli kwa nusu. Ukipima unga, sukari, maziwa na mafuta kwa kikombe kilekile, uwiano kati yao unabaki hata kama kikombe ni cha 300. Kinachoharibika ni vile visivyopimwa kwa kikombe: mayai, hamira, beking pauda, chumvi. Mapishi ya vikombe vitatu vya Marekani yanataka unga kama gramu 370. Ukichota kwa bati la 300 kwa kuzamisha, umeweka 540. Mayai ni yaleyale mawili na beking pauda ni vijiko vilevile viwili. Keki inatoka fupi na nzito, na kosa halionekani popote kwenye karatasi.

Mayai yenyewe pia yana uzito wake. La kisasa kubwa, bila ganda, ni gramu 50 hivi. La kienyeji ni 35 hadi 40. Mapishi yakitaka matatu ya kisasa, vunja manne ya kienyeji.

Vile vidogo: hamira, chumvi, beking pauda

Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja usiiamini chini ya gramu 5. Ukinyunyiza chumvi kidogo kidogo, mara nyingi haigundui kabisa kuwa kuna kitu kinaongezeka. Inabaki kwenye 2 mpaka ghafla inaruka 5. Kwa hivi vidogo, kijiko kilichohakikiwa ni bora kuliko mizani.

Kijiko cha chai cha mililita 5, kilichosawazishwa, hubeba chumvi laini gramu 6, beking pauda gramu 4 hadi 5, hamira kavu ya chenga gramu 3. Pakiti ndogo ya hamira ya gramu 7 ni vijiko viwili na robo. Chumvi ya mawe haifuati namba hiyo, kijiko chake kina mapengo, isage kwanza.

Ukitaka kujua kijiko chako kwa hakika, pima vijiko kumi kwa mpigo na ugawanye kwa kumi. Kosa la gramu moja likigawanywa kwa kumi linakuwa si kitu.

Sado, debe na kichwa

Sokoni mambo yanabadilika, kwa sababu kipimo ni kikubwa na anayechota si wewe. Sado ni ndoo ya rangi ya lita 4. Ndoo kubwa, inayoitwa debe, ni ya lita 20. Kwa namba zetu, sado ya kusawazishwa ya mchele ni kilo 3.3, ya maharage kilo 3.1, ya mahindi kilo 2.9. Debe la kusawazishwa la mahindi ni kilo 14 na nusu, la maharage 15 na nusu, la mchele 16 na nusu. Anayekuambia debe ni kilo 20 anauza maji.

Kisha kuna kichwa, ule mlima unaobaki juu ya ukingo. Kwenye ndoo yenye mdomo wa sentimita 30, kichwa cha mahindi huongeza lita 1.5 hadi 2, zaidi ya kilo moja. Ndiyo maana gunia la kilo 100 la mahindi hutoka kwenye madebe sita ya kichwa, au saba ya kusawazishwa. Lumbesa inayolalamikiwa kila msimu wa viazi ni kichwa hichohicho, kimehamia kwenye gunia: anayelipwa kwa gunia badala ya kilo ndiye anayebeba hasara.

Mfano wa hesabu ya sokoni. Tuseme sado ya mchele ni shilingi 9,000 na kilo ya mizani ni 2,600. Ya kusawazishwa ina kilo 3.3, kwa hiyo kila kilo unailipia 2,727, afadhali mizani. Yenye kichwa cha gramu 300 inafika kilo 3.6, kila kilo 2,500. Hapo sado imeshinda. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwuzaji kabla ya bei ni, "Mama, unanipimia na kichwa au unasawazisha?"

Kitazame pia kitako cha sado. Ndoo iliyopashwa moto na kubonyezwa kwa ndani inaonekana nzima ukiitazama kwa mbele. Ipindue, au linganisha kina cha ndani na cha nje kwa mkono. Nyumbani, jaza maji: ya kweli hubeba kilo 4 au zaidi kidogo.

Viazi mviringo havistahili kupimwa kwa sado hata kidogo. Kiazi kikubwa ndani ya chombo kidogo huacha mapengo makubwa, na ukingo wa chombo unaongeza mapengo mengine. Lita 20 za viazi ni kilo 13 hivi, lakini lita 4 za viazi vikubwa zinaweza zisifike hata kilo 2.3. Anayekaanga chipsi anunue kwa kilo, akikumbuka kwamba maganda na macho huondoka na asilimia 15 hadi 25.

Wazee walipimiana kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi. Hivyo navyo vilikuwa vya ujazo, kwa hiyo pishi ya maharage na pishi ya unga hazikuwa na uzito mmoja. Ukikuta mapishi ya bibi yenye kibaba, kitafute chombo chenyewe kilichotumika nyumbani kwenu, ukipime kwa maji kama kikombe kingine chochote.

Mapishi ya ng'ambo

Kikombe cha Marekani ni mililita 237. Cha Australia ni 250, lakini kijiko chao cha chakula ni 20, si 15, na hapo ukitumia kijiko chako beking pauda inaweza kukupungukia kwa robo nzima. Kikombe cha Uingereza cha vitabu vya zamani ni 284. Vitabu vyao vya sasa hutumia gramu, vinakurahisishia.

Wakia moja ya uzito ni gramu 28.35, ratili moja ni gramu 454. Mtego uko kwenye wakia ya ujazo, inayotumika kwa vimiminika: ya Marekani ni mililita 29.6. Kwa maji na maziwa hizi mbili zinakaribiana kiasi cha kutoleta madhara. Kwa asali, wakia nane za ujazo ni gramu 336 na wakia nane za uzito ni gramu 227. Mapishi yakisema wakia bila kufafanua, angalia kiungo: kimiminika huwa ni ujazo, kikavu huwa ni uzito. Mche mmoja wa siagi wa Kimarekani ni gramu 113.

Bila mizani

Chupa ya nusu lita, bomba la sindano na hanga ya nguo vinatosha. Chukua makopo mawili yanayofanana, yatoboe pembeni na kuyafunga kwa kamba zenye urefu sawa, yaning'inize kwenye ncha mbili za hanga iliyotundikwa kwenye msumari mahali pasipo na upepo. Hanga ikae sawa makopo yakiwa matupu. Ikiinama, ongeza kipande cha utepe upande mwepesi. Sasa mimina mililita 250 za maji upande mmoja: hizo ni gramu 250. Weka unga upande wa pili mpaka hanga isawazike. Umepima robo kilo. Haisomi gramu mbili tatu, ila kwa robo na nusu kilo inakaribia vya kutosha kukupa namba zako za hatua ya tatu.

Mafuta magumu yana njia yake, na huku nyanda za juu utaihitaji hasa Juni na Julai, majarini inapokuwa kama sabuni na haikandamiziki kwenye kikombe bila kuacha mifuko ya hewa. Chukua chombo chenye alama za mililita, weka maji ya baridi hadi 250, tumbukiza vipande vya mafuta na uvizamishe kwa ncha ya kijiko. Maji yakifika 375, umeweka mililita 125, ambazo ni gramu 119. Mwaga maji, futa mafuta. Asali iliyoganda iwekwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu mpaka itiririke, maana asali ya chenga nayo inaficha hewa. Paka kikombe mafuta kabla ya kuimimina, la sivyo gramu 15 au 20 zitabaki zimeng'ang'ania ukutani.

Kinachobadilika milimani

Kilo ni kilo Kyela na Mbeya mjini. Ila Kyela iko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari na Mbeya ni mita 1,700, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Maharage yaleyale, kipimo kilekile, yatataka muda mrefu zaidi na maji zaidi ya kuongezea, kwa kuwa mvuke unatoka muda wote huo. Kwa keki iliyoandikwa kwa ajili ya pwani, punguza kila kijiko cha chai cha beking pauda kwa sehemu ya nane hadi robo, na uongeze vijiko viwili vya chakula vya maziwa kwa kila kikombe cha kimiminika. Gesi hutanuka zaidi huku juu, keki inapanda haraka na kuanguka katikati.

Unyevu nao huingia kwenye hesabu. Unga uliokaa wazi Tukuyu wakati wa mvua hunyonya maji ya hewani, hivyo gramu 500 zake zina unga pungufu na maji zaidi kuliko gramu 500 za Iringa mwezi wa Septemba. Hiki ndicho kisa kimoja ambacho mizani yenyewe inakosea. Dawa ni kubakiza vijiko viwili vitatu vya kimiminika na kukimalizia kwa kuangalia donge.

Kwenye daftari, kila namba iandikwe pamoja na tarehe, kikombe kilichotumika na unga ulikotoka. Ukibadili mashine ya kusagia au chapa ya unga, pima tena mara tatu. Kikombe kikipasuka, anza upya hatua ya pili; namba za gramu kwa mililita zitabaki vilevile, utakachobadilisha ni ujazo wa kikombe tu.